Maharagwe ya Jioni ya Maulidi

Presha ile ya kupikia ilikaa juu ya kabati la Bibi miezi mingi, imo ndani ya katoni yake. Mama mdogo, aliyekuwa ameolewa Mombasa, ndiye aliyemletea. Bibi aliipokea, akamwombea dua, kisha akaipandisha juu isiguswe. Sababu tuliijua sote. Mtaa wa pili kulikuwa na jiko ambamo presha iling'oka mfuniko, maharagwe yakaruka mpaka kwenye boriti za dari. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, lakini Bibi alikwenda kuyaona kwa macho yake, na tangu hapo hakutaka kusikia habari za chombo hicho.

Kwetu ni Lamu, mtaa wa Langoni, si mbali na msikiti wa Riyadha. Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ukiingia nyumba huwa ya wageni. Watu hushuka kutoka Pate, Siyu, Faza, Mombasa na hata Ngazija, kuja kwenye Maulidi aliyoyaanzisha Habib Swaleh, na kila chumba hutandikwa mikeka. Vijana huenda kwenye mashindano ya punda na ya mashua. Wanawake wa nyumba wako jikoni.

Jiko la Bibi lilikuwa juu kabisa, chini ya paa la makuti. Usiku wa Maulidi kasida na matari vilimfikia pale pale alipo, anachochea moto huku midomo ikifuatisha. Miaka yote aliyasikia Maulidi kwa masikio tu. Mimi nilikuwa nikirudi na wenzangu, nimejaa maneno ya niliyoyaona, naye ananiuliza nani kasoma, watu walijaa mpaka wapi, huku mikono yake inanuka moshi. Hilo liliniuma tangu utotoni, na linaniuma hadi leo nikilikumbuka.

Mwaka ninaousimulia, nilikuwa nimemaliza darasa la nane. Chakula cha jioni kilikuwa kiwe wali na samaki wa kupaka, lakini aliyeahidi samaki hakutokea. Baada ya swala ya alasiri ikafika mashua kutoka Faza, na wageni wetu walikuwa wengi kuliko walivyotuma salamu. Bibi akasimama mbele ya ghala akiangalia kilichopo: mchele, nazi, na maharagwe makavu yaliyotoka bara kupitia Mokowe. Hayakuwa yamerowekwa. Maharagwe ya namna hiyo chunguni hula saa tatu, na yakiwa yamekaa sana ghalani hata zaidi. Hesabu ilikuwa wazi: wageni watakula baada ya isha, na Bibi atabaki juu na chungu chake.

Mama mdogo hakubishana naye. Alipanda kwenye kiti, akaiteremsha katoni, akasema, "Mama, nipe ruhusa leo tu. Nisimamie wewe mwenyewe."

Bibi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniita, "Njoo hapa. Chukua uteo, uyachague vizuri, usiache jiwe."

Nilichagua, nikapeta, nikaosha. Mama mdogo hakutumia maji ya kisima chetu, ambayo yana chumvichumvi na huyafanya maharagwe yakatae kuiva. Alichota yale matamu ya bomba yatokayo kwenye visima vya Shela. Alitia maharagwe na maji yasizidi nusu ya presha, kwa sababu yakichemka hutoa povu na kuumuka, na povu likipanda na maganda ndilo linaloziba njia ya mvuke. Akaongeza kijiko cha mafuta kulipunguza. Halafu akafanya jambo ambalo bado naliona mbele ya macho: aliuinua mfuniko akauelekeza kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja, akachungulia katika kile kitundu kidogo mpaka akaona mwanga upande wa pili. Akampa Bibi naye achungulie. Bibi alichungulia. Wakaupapasa pamoja mpira wa mfuniko, mzunguko mzima, wakitafuta mpasuko.

"Ile ya mtaa wa pili," mama mdogo akasema, "kitundu kilikuwa kimeziba, na mtu akalazimisha kuifungua ingali na nguvu."

Nilikuja kusoma baadaye kwamba chungu cha namna hii kilibuniwa na Mfaransa Denis Papin, London, mwaka 1679, ili kulainishia mifupa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekitia kizibo cha kupunguza mvuke kisije kikapasuka. Kwa hiyo alichokiogopa Bibi alikiogopa mwenye kukibuni. Huku kwetu usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzi 100, na hata ukimwaga gunia zima la makaa hayapandi zaidi ya hapo. Ukiufungia mvuke, joto hufika karibu nyuzi 120, na punje haiwezi kushindana nalo.

Filimbi ilipolia mara ya kwanza Bibi alirudi nyuma hadi kwenye ngazi, akashika ukuta, akasoma anachokijua. Mama mdogo akapunguza makaa. Zikapita dakika 40 hivi. Presha ikateremshwa chini, na hapo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Iliachwa ipoe yenyewe mpaka sauti ya mvuke ikaisha kabisa. Mfuniko ulipofunguka, Bibi alichota harage moja kwa upawa, akalibinya baina ya vidole viwili. Likapondeka lote, ganda na kiini.

"Haya," akasema, "sasa tokeni jikoni kwangu."

Maana kutoka hapo kazi ilikuwa yake. Mama mdogo alipodokeza kwamba hata wali unaweza kuingia humo humo, Bibi alijibu, "Mtele si wa kufungiwa, mwanangu," na mimi nasimama na Bibi. Wali wa nazi unataka jicho na mkono: tui litazamwe linavyonywewa, makaa yapaliwe juu ya mfuniko, chini ubaki ukoko ambao watoto watagombania. Presha haikupi nafasi ya kutazama, na tui huwahi kushika chini likaungua.

Mimi nilikaa kwenye mbuzi nikakuna nazi. Maharagwe aliyaunga kwa kitunguu, bizari na pilipili mbichi, akatia tui jepesi kwanza, akayaacha yatokote. Tui zito, kasimile yenyewe, alilitia mwisho kabisa, chungu wazi, anakoroga polepole upande mmoja lisikatike.

Adhana ya magharibi ilitukuta tukipakua. Wageni walikula wakashiba, masinia yakarudi meupe. Mgeni mmoja mtu mzima wa Faza aliuliza maharagwe yamewekwa jikoni saa ngapi, yakawa laini vile, Bibi akamwonyesha presha.

Tulisali isha, kisha Bibi akatia udi nguo zake, akavaa buibui lake jipya, na sote tukatoka. Riyadha ilikuwa imefurika hadi njiani. Alipata mahali upande wa wanawake, karibu na ukuta, na matari yalipoanza alikuwa anayaona yanavyoinuka na kushuka. Hakusema neno na mtu. Aliimba kasida zote kwa sauti, na sikujua mpaka usiku ule kwamba anazihifadhi mwanzo hadi mwisho.

Tulirudi usiku mkubwa, tukipisha punda na watu vichochoroni. Karibu na mlango wa nyumba alimshika mama mdogo mkono.

"Ule mpira wa mfuniko," akamwuliza, "Mombasa unauzwa peke yake? Safari ijayo niletee wa akiba."