Umepunguzwa kazini? CV isubiri kwanza

Fundi akipoteza kazi, kwa kawaida hufungua CV ya zamani, huongeza tarehe ya mwisho, kisha huituma kila mahali. CV hiyo bado inaongea lugha ya mwajiri aliyemwacha. Nje ya geti, "Msimamizi Daraja la Pili, Laini B" haimwambii mtu kitu.

Chukua karatasi, uchore safu tatu: nilifanya nini, kwa kifaa au programu gani, na nini kingeharibika kama nisingefanya. Jaza mistari 30 kutoka mwaka wako wa mwisho kazini. Kumi ya kwanza itakuja upesi, na mingi ni ile ile iliyomo kwenye CV. Nyama iko baada ya ishirini: kufundisha wageni, kuandika maelekezo, kujua kipuri gani kiagizwe mapema. Safu ya tatu ndiyo inayouza, maana mwajiri analipia hasara isiyotokea.

Mfano ni fundi umeme wa kiwandani aliyeandika "Matengenezo ya mota". Akitumia safu zake, mstari huo unakuwa: "Nilihudumia mota 40 za fezi tatu. Kila miezi mitatu nilipima insulesheni kwa mega ya volti 500 na kulinganisha na vipimo vya nyuma. Mota ambayo vipimo vyake vilianza kushuka ilitolewa ikakaushwa au kusukwa upya kabla haijaungua." (Mega ni kifaa cha kupima kama insulesheni, yaani kihami cha nyaya, bado inazuia umeme kuvuja.) Sasa anaeleweka hospitalini, kwenye mitambo ya maji, hata kwenye vituo vya seva. Msimamizi wa seva hajali kiwanda chako kilitengeneza sabuni au misumari. Anachojua ni kwamba feni za kupoza zikisimama, naye amesimama.

Kwa mtu wa kompyuta ni hivyo hivyo. "Nilisimamia bakapu", yaani nakala za akiba za data, ni maneno matupu. Taja seva ngapi, ulijaribu kurejesha data mara ngapi, na ilichukua saa ngapi. Kama hukuwahi kujaribu, usiandike. Swali la pili la usaili litakuumbua. Pia usitaje majina ya wateja wala michoro ya mtandao wa mwajiri wa zamani. Anayekusoma atajiuliza utasema nini kuhusu yeye.

Halafu kusanya matangazo 15 ya kazi ya aina moja na upigie mstari maneno yanayojirudia kwenye matano au zaidi. Kazi yako ikiwa ndiyo hiyo hiyo kwa jina jingine, tumia jina lao. Ila tangazo likidai leseni inayotakiwa kisheria, hakuna ufundi wa maneno utakaoziba pengo hilo. Omba nafasi ya chini ya mwenye leseni, au kaisomee.

Muundo wa CV uwe wa safu moja, bila majedwali wala maandishi ndani ya picha, kwa sababu programu za kuchuja maombi mara nyingi huvuruga vitu hivyo. Kuipima ni rahisi: nakili maandishi yote ya PDF, uyabandike kwenye faili tupu. Yakitoka shaghalabaghala, huenda programu nayo inayaona hivyo.

Kwa usaili, andaa hitilafu moja ya dakika mbili: dalili, ulichopima, dhana uliyoitupa, suluhisho, na ulivyozuia isirudi. Wengi huruka dhana waliyoitupa, wakiona aibu kukiri walikosea, na ndipo wanapopoteza alama, kwa kuwa hapo ndipo akili ya fundi inapoonekana. Inaweza kuanza hivi: "Mota ya pampu ilikuwa ikijizima kila baada ya dakika 20. Nilidhani fezi moja imepotea. Klampu mita, kipima mkondo, ikaonyesha mkondo sawa kwenye fezi zote, ila juu ya ulioandikwa kwenye kibao cha mota. Nikaitenganisha na pampu, ikazunguka bila shida na mkondo ukashuka. Nikaacha mota, nikafungua pampu."