Pancha siku ya Ijumaa: tulivyozunguka vijijini Malaysia kwa siku nne

Nilikuwa nimeshakaa Malaysia miaka miwili na nusu kwa ajili ya masomo, na muda wote huo Malaysia niliyoijua mimi ni Kuala Lumpur, treni, maduka makubwa na hosteli, basi. Wengi wetu tunaosoma huku tuko hivyo, mtu anamaliza digrii anarudi nyumbani hajawahi kulala kijijini hata usiku mmoja. Sasa mwanzoni mwa Agosti 2023 tukapata likizo fupi, tukakaa watu wanne tukasema safari hii hatuendi kisiwa cha Langkawi kupiga picha, tunakodi gari tunaingia ndani kabisa, kule kaskazini mashariki, majimbo ya Kelantan na Terengganu. Naandika jinsi tulivyofanya kwa sababu watu wengi wameniuliza, na kwa sababu kuna mzee mmoja wa karibu na Jeli sitaki nimsahau.

Wanne wenyewe ni mimi mtu wa Iringa, dada mmoja wa Mombasa, kaka mmoja wa Pemba na mwingine wa Bukavu ambaye Kiswahili chake ni kile cha Kongo chenye ladha yake. Malaysia wanaendesha kushoto kama kwetu, ila kule Kongo ni kulia, kwa hiyo yule wa Bukavu akasema mapema kabisa yeye usukani hagusi, atashika ramani na chakula. Dada wa Mombasa ndiye aliyekuwa na leseni ya kimataifa, akawa dereva wetu siku zote nne na kiukweli anajua gari, anaendesha kwa utulivu mpaka unalala.

Gari tulikodi Myvi, ni gari ndogo ya hapa hapa Malaysia, RM120 kwa siku, RM ni ringiti, pesa ya huku. Ringiti moja wakati ule ilikuwa kama shilingi mia tano na kidogo ya Tanzania. Petroli ya kawaida, wanaiita RON95, ilikuwa RM2.05 kwa lita, na safari nzima ilikuwa kama kilomita 1,200, mafuta yakala kama RM170 tu. Barabara kuu zina tozo na pale kwenye geti hawapokei pesa taslimu, sisi tulitumia kadi ya Touch 'n Go, unaiwekea salio kwanza, tuliweka RM100 ikatosha. Kulala tulichukua nyumba za watu wanazopangisha, wanaziita homestay, kila usiku vyumba viwili, wanawake chao na wanaume chao. Hili msilichukulie kimzaha jamani, kule kwa Waislamu mwanamke na mwanaume wasiooana kukaa chumba kimoja ni kosa la kisheria kabisa, na hata kama wewe si Mwislamu ni heshima tu kwa mwenyeji wako. Jumla kila mtu alitoa karibu RM390 na chakula humo humo.

Tulitoka Alhamisi asubuhi. Kutoka KL, yaani Kuala Lumpur, kwenda mji wa Ipoh ni kama kilomita 200 za lami safi na pembeni ni michikichi, michikichi, michikichi, mpaka macho yanachoka. Yule wa Bukavu ndiye aliyefurahi kuliko wote, akawa anatuambia mama yake hapiki sombe, yaani kisamvu, bila mawese, na hii miti imetoka kwetu Afrika, huku ililetwa tu, shamba la kwanza la biashara walilianza Selangor mwaka 1917. Cha kumuumiza ni kwamba tulipita michikichi ya mchana kutwa na hakuna sehemu hata moja alipopata yale mawese mekundu, huku mafuta mengi yanasafishwa mpaka yanakuwa meupe kama ya dukani.

Ipoh tulikula tu tukaondoka. Kuala Kangsar tulisimama kuuona msikiti wa Ubudiah wenye makuba ya dhahabu, mzuri sana, tukalala Gerik. Gerik ni mji mdogo ila ni muhimu, hapo ndipo unajaza tanki kabla ya kupanda barabara ya Timur-Barat, yaani Mashariki-Magharibi, inayokata msitu hadi Jeli upande wa Kelantan. Ilifunguliwa mwaka 1982 na ni zaidi ya kilomita mia za milima na msitu, mtandao unakatika sehemu kubwa, pakua ramani kwenye simu kabla hujatoka.

Tuliondoka Gerik saa kumi na mbili na nusu alfajiri, kule jua linachelewa kuchomoza, ukungu umelala juu ya ziwa Temenggor kama pamba. Baada ya daraja kuna vibao vya njano vyenye picha ya tembo, na mimi moyoni nasema kwetu barabara ya Iringa inapita katikati ya Mikumi, tembo nimewaona tangu mtoto kwenye dirisha la basi, sitashtuka. Nikashtuka. Alikuwa mmoja, amesimama kwenye majani pembeni kabisa ya lami, mdogo kuliko wa kwetu, masikio madogo, paji la uso limevimba pande mbili, anang'oa fungu la majani kwa mkonga halafu analipiga piga kwenye mguu wa mbele udongo utoke, pu pu pu, ndiyo anakula. Lori la mbele lilisimama, likapunguza taa, hakuna aliyepiga honi. Sisi tukafanya hivyo hivyo. Dakika kama kumi hivi, hakuna mtu aliyeongea ndani ya gari, halafu akageuka akaingia msituni na majani yakafunga nyuma yake kama hakuwepo.

Sasa mlima tumeumaliza, tumeanza kuona nyumba na mashamba ya mipira, tunajipongeza, usukani ukaanza kuvuta kushoto. Pancha. Tukaweka gari pembeni, tukatoa jeki, tukatoa spana, tukatoa spea, na spea imelala, haina upepo hata kidogo. Hapo kosa ni letu, siku ya kuchukua gari tulikagua mikwaruzo, tulipiga picha kila kona, tukawasha taa zote, hakuna aliyefunua buti kubonyeza spea. Ukikodi gari la kwenda vijijini anza na spea kabla ya kitu kingine chochote.

Ilikuwa saa saba kasorobo mchana na ni Ijumaa. Kelantan wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, Jumapili ni siku ya kazi kama kawaida, kwa hiyo barabara ilikuwa tupu na kila kitu kimefungwa. Tumekaa hapo jua linawaka, akapita mzee na pikipiki, amevaa saruni ya mistari na kofia nyeupe, anaenda msikitini. Akapita, akapunguza, akageuza. "Guano?" Hatukumwelewa, Kelantan wana lafudhi yao na maneno yao, hata watu wa KL wanalalamika hawawaelewi. Yule wa Pemba akavuta Kimalay chake cha kantini akasema, "Pakcik, tayar pancit." Pakcik ndiyo wanavyomwita mwanaume wa rika la baba, kama sisi tunavyosema mzee au baba. Akaongeza spea haina angin. Angin ni upepo, na wao kama sisi tu, kwenye tairi wanajaza upepo.

Mzee akajibu kwa maneno machache, "Bengkel tutup. Jumaat." Gereji imefungwa, Ijumaa. Halafu akaonyesha saa yake, akaonyesha spea, akapiga kiti cha nyuma cha pikipiki kwa kiganja. Ndani ya dakika moja kaka yetu wa Pemba ameshapanda, ameikumbatia spea mapajani, wanapotea kwenye kona, na sisi watatu tumebaki tunatazamana tunaulizana hivi tumemtuma wapi.

Alipelekwa msikitini. Alitusimulia baadaye kwamba walifika wakaiegemeza spea ukutani pale penye viatu, wakaingia kuswali, na khutuba ilikuwa ya Kimalay lakini alikuwa anaokota maneno kama mtu anayeokota embe chini ya mti, dunia, akhirat, sabar, adab, na maneno mengine hivyo hivyo ya Kiarabu tunayoyatumia pamoja bila kujuana. Walipotoa salamu mzee akamgeukia mwanaume wa safu ya nyuma akamnong'oneza, kumbe ndiye fundi.

Huku barabarani mwanamke mmoja wa makamo alitoka kwenye nyumba ng'ambo ya barabara akatuita kwa mkono, "mari, mari, panas," njooni, jua kali. Nyumba za kule vijijini nyingi ni za mbao juu ya nguzo, na chini ya nyumba ndiyo baraza, kuna kivuli na upepo, kuku wanapita. Akatukalisha kwenye kitanda cha mbao, akatuletea maji na vitumbua fulani vya kijani vilivyofunikwa nazi ya kukuna. Amejifunga kain batik kiunoni kama bibi yangu anavyojifunga kanga akiwa jikoni, na dada wa Mombasa alipoigusa ile batik akamuuliza ni bei gani, wakaanza kuelezana vitambaa kwa mikono nusu saa nzima, hakuna anayejua lugha ya mwenzake.

Fundi alifungua gereji yake na saruni yake na kofia yake vile vile alivyotoka kuswali. Akajaza spea upepo, wakaja nayo, wakafunga, kisha tukarudi wote gereji kutoa ile yenye pancha, skrubu ndogo imezama katikati ya mkanyagio. Na hapo ndipo nilipofurahi kabisa, maana kila alichokitaja kilikuwa chetu. Spana wanasema sepana. Jeki, jek. Pampu, pam. Skrubu, skru. Tulikuwa tunamkabidhi vifaa kama wasaidizi wa pale miaka yote. Akachomoa skrubu na koleo, akaisukuma ile kamba ya mpira iliyopakwa gundi ndani ya tundu, akakata ncha kwa wembe, akatema mate juu yake kuangalia kama upepo unatoka. Hautoki. RM8. Tulipompa mzee chochote kwa mafuta ya pikipiki alikataa, aliirudisha noti kwenye mfuko wa shati la yule wa Pemba akaupapasa mfuko. Alichotaka ni namba ya simu tu, tukifika Kota Bharu tumjulishe.

Kota Bharu tulifika magharibi. Nasi kerabu wanaipika wali wa bluu kabisa kwa maua, unachanganya na majani mabichi, nazi ya kukaanga na budu ambayo ni mchuzi wa dagaa waliochachushwa, harufu kali ila ukizoea huachi. Muuzaji akatuuliza kuku, "paha ke dada?" Sisi tukajua anamwongelea dada wa Mombasa. Paha ni paja, dada kwao ni kidari. Na huyo dada wa Mombasa wao wanamwita kak, yaani kakak, dada mkubwa. Kwa hiyo huku dada ni kidari na kakak ni dada, yule wa Bukavu aliandika hili kwenye simu yake ili asije kusahau.

Jumamosi asubuhi soko la Siti Khadijah, soko limepewa jina la bi Khadija mke wa Mtume na wauzaji karibu wote ni wanawake, nilikaa ghorofani tu kuangalia chini rangi za mboga na vitambaa vyao. Halafu tukashika barabara ya pwani kwenda Kuala Terengganu, ya zamani, siyo ile ya haraka. Uchaguzi wa majimbo ulikuwa tarehe 12, wiki iliyofuata, kila kijiji kimefunikwa na bendera za vyama, na wao nao wanaziita bendera. Ng'ombe wanalala katikati ya lami, punguza mwendo hasa jioni. Minazi, mchanga mweupe, mitumbwi imepindua tumbo juu, yule wa Pemba akanyamaza muda mrefu. Kuna sehemu tulipita mwanaume na pikipiki, nyuma yake amekaa nyani mwenye mkia mfupi ameshika bega la bwana wake vizuri kabisa. Wanawafundisha kuangua nazi, nyani anapanda anazungusha nazi kwa mikono na miguu mpaka kikonyo kinakatika. Baba mdogo wa yule wa Pemba ni mkwezi, amepanda minazi maisha yake yote na goti lake moja limekufa kwa kuanguka. Tulisimama. Alirekodi video ndefu ya yule nyani akifanya kazi akamtumia baba yake mdogo hapo hapo.

Terengganu tulikula keropok lekor, samaki wa kusagwa na unga wa sago, ya moto kutoka kwenye mafuta. Jumapili tukarudi kwa barabara kuu ya mashariki, kama kilomita 450, mvua imetukamata milimani karibu na Karak. Ukitaka kwenda pwani ile nenda kati ya Machi na Oktoba, kuanzia Novemba ni msimu wa mvua kubwa na barabara zinafurika.

Tumerudisha gari saa tatu usiku, na tulimwonyesha mwenye gari ile spea, tukaibonyeza mbele yake. Tukiwa kwenye treni simu ya yule wa Pemba ikaita mlio wa meseji. Ni mzee. Tayari alikuwa ameshajulishwa Ijumaa kwamba tumefika Kota Bharu, sasa anauliza, "Dah sampai KL?" Mmefika? Kaka yetu akafikiria kidogo, akajibu neno moja alilofundishwa pale gereji, neno la Kelantan la kusema mambo shwari: "Bereh."