Nyumba mpya na kabati la bibi

Nenda nyumba yoyote iliyohamiwa miaka ya karibuni huku kwetu Dar, Goba, Madale, Bunju, Kigamboni huko, ukifika sebuleni utadhani umerudi kwenye ile uliyotoka jana. Dari la jipsamu la ngazi ngazi lenye taa za bluu pembeni, tailizi nyeupe zinateleza, madirisha ya aluminiamu, ukuta wa TV umebandikwa wolpepa ya mfano wa mawe, kochi la L la kijivu, basi. Sisemi kwa dharau jamani, na yangu ina jipsamu na ina aluminiamu, ndo kinachopatikana na ndo mafundi wanachokijua, na tailizi nazipenda kwa sababu ukipiga deki umemaliza. Ila tulipohamia sebule ilikuwa inanirudishia sauti yangu mwenyewe, na kila nilichokiona dukani cha kuijaza kilikuwa cha ule unga wa mbao uliogandishwa ukabandikwa karatasi yenye picha ya mbao, kikipata maji mara mbili kinavimba, halafu bei yake sasa, utasema wanauza mpingo.

Basi nikaamua vitu vikubwa vyote vya sebuleni viwe vya zamani au vya mtumba, na sharti liwe moja tu, kila kitakachoingia kiwe kinafanya kazi. Sitaki pambo la kukaa. Maana ukianza kukusanya vya kale vya kutazamwa unaishia na sebule ya mapokezi ya hoteli ya kitalii, taa ya chemli haijawahi kuona mafuta ya taa, mtumbwi umekatwa katikati umesimamishwa ukawa shelfu, na mgeni anaogopa kuweka glasi popote.

Cha kwanza kilikuwa kabati la vyombo la bibi, la Tanga. Mnalijua hilo kabati hata kama bibi yenu sio wa Tanga: juu milango ya vioo ya kusukuma, katikati droo, chini milango miwili ya mbao, na funguo anayo bibi kiunoni. Humo ndo kulikaa vyombo vya wageni, vile ambavyo sisi wajukuu tulikula navyo Idi tu. Bibi alipofariki kabati likahamia uani, likawa linawekewa ndoo za rangi na jembe, na mjomba alikuwa kashaanza kulipigia mahesabu ya banda la kuku. Ni mvule tupu. Nikamwambia mjomba nakununulia mbao za banda, hilo niachie, akaniona nimechanganyikiwa ila hela akapokea. Lilikuja Dar juu ya fuso la machungwa ya Muheza, limefungwa magodoro mawili na kamba, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ikalipokea barabarani usiku, na kulipandisha kilima cha kwetu ilibidi majirani watoke.

Shangazi yangu alikuja wiki hiyo hiyo kuona nyumba. Kaingia, kavua viatu, kasifia tailizi, kasifia jiko, kafika sebuleni kanyamaza.

"Shikamoo shangazi, karibu ukae."

"Marahaba mwanangu. Hivi hili si la marehemu mama?"

"Ndo lenyewe."

"Mmejenga nyumba nzuri hivi mkashindwa kununua kabati? Mngesema tuwachangie."

Na wala hatanii. Kizazi cha shangazi kilikua na hivi vitu kwa sababu hakukuwa na vingine, kuviacha ndo ilikuwa alama kwamba umefika mahali, kwa hiyo ukivirudisha ndani anaona kama unamrudisha yeye. Namuelewa kabisa. Wengi mtakaojaribu haya mtakutana na huyu shangazi, na ushauri wangu msibishane naye, mpeni chai.

Sasa la mbao, kwa sababu hapa ndo watu wanapigwa. Ukikuta kitu cha zamani usikitazame usoni, uso unapakwa vanishi na kila mtu. Vuta droo itoe kabisa, igeuze. Kwenye kazi nzuri za zamani kona za droo zimeshikana kwa meno, misumari hamna au ni michache, na ubao wa chini na wa nyuma ni mbao kweli, haujabadilika kuwa plaiwudi. Nyanyua upande mmoja, mvule na mninga vina uzito wa kukufanya ujute kuvaa ndala. Halafu tafuta vitobo. Vitobo vyenyewe sio kesi, kesi ni unga: ukigonga ubao ukadondoka unga mweupe mbichi, kuna mdudu ndani bado anakula. La bibi lilikuwa na vitobo vya zamani mguu mmoja tu, fundi akapiga dawa ya mchwa kwa bomba la sindano tobo kwa tobo, tukalifunga nailoni likakaa nje chini ya kibaraza mpaka nilipojiridhisha, ndo likaingia.

Fundi mwenyewe ni wa Keko, na mafundi wa Keko kwa mbao sina cha kuwafundisha, ila wana ugonjwa mmoja, akiona mbao mkononi anaona vanishi nyeusi ya kung'aa. Ilibidi nisimame pale pale. Nikamwambia msasa namba 120, kisha namba 240 ulio laini zaidi, kisha nta, ishia hapo. Akasema dada halitang'aa, nikamwambia tailizi zinatosha kung'aa. Mikwaruzo ya funguo ya bibi kwenye mlango wa chini nikakataza isiguswe. Na chini ya miguu gundisha vipande vya raba ya ndala iliyokufa, kabati linatulia sawa na tailizi hazichubuki, gharama yake sifuri.

Halafu kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniambia nikaja kukigundua kwa kuangalia tu, TAA. Zile balbu nyeupe za 6500K (hiyo ni namba ya rangi ya mwanga) tunazofunga nyumba nzima zinafanya mbao nyekundu ionekane ya kijivu, kama imeugua. Nikabadilisha za sebuleni zikawa za 3000K, zile za njano njano, na zile za bluu za kwenye jipsamu nikamwambia fundi umeme azikate waya kabisa. Mume wangu alizililia kidogo. Kabla hujasema fanicha ya zamani haikai kwenye nyumba mpya badilisha balbu kwanza, ni elfu chache tu.

Mapazia yote ni ya mtumba, ya soko la Karume. Kuna walioniambia lile soko liliisha baada ya moto wa Januari 2022, liliisha wapi, nenda asubuhi wanapofungua belo uone watu. Siri ya mapazia ya mtumba ni kwamba mengi yana bitana nyuma na kitambaa chake ni pamba au kitani kizito, ambacho ukikitafuta kipya dukani utaulizwa unataka mita ngapi na utashindwa kujibu. Shida yake ni kwamba yalishonwa kwa madirisha ya huko yalikotoka, na madirisha yetu ya aluminiamu ni mapana, kwa hiyo pea moja haifiki, nenda na vipimo na utepe wako mkononi, na usihangaike kutafuta pea mbili zinazofanana, chukua pea mbili tofauti zenye uzito mmoja, moja pembeni na ile ya rangi moja katikati. Angalia na kichwa cha pazia, kama ni cha pete au cha kulabu, kisije kikakataa bomba lako. Ukifika nyumbani usipeleke ndani. Maji ya moto kwanza, sabuni, jua kali siku nzima, pasi, ndo lipite mlangoni.

Kwenye makochi ya mtumba mi ni mkali zaidi. Kunguni akiingia kwenye nyumba mpya umekwisha, hakuna jipsamu itakayokuokoa. Sinunui kochi lililovaa. Nanunua fremu, namwambia muuzaji avue kitambaa na sponji mbele yangu, fremu ikiwa mbao ngumu na haichezi naondoka nayo uchi, sponji na kitambaa nafunga vipya. Muuzaji akigoma kuvua basi kashanijibu.

Na wale mnaonunua vitu vya wageni wa nje wanaohama Masaki na Oysterbay, wanauza vizuri kweli na bei inashuka kadiri ndege inavyokaribia, ila soma kibandiko cha nyuma cha kila kitu cha umeme. Vya Mmarekani vingi ni vya volti 120 na kwetu ukutani ni 230, ukichomeka blenda au mashine ya kahawa bila transfoma unasikia pu na harufu. Taa za mezani hazina shida sana, badilisha holda na plagi, weka balbu ya kwetu.

Cherehani sasa, hapa nina ugomvi na watu. Kuna mtindo umeingia wa kuchukua cherehani ya Singer ya kukanyaga, unang'oa mashine, ile miguu ya chuma yenye jina unaiwekea ubao na sinki, unaweka choo cha wageni. Nimeona picha zake nyingi, zinapendeza, sikatai. Lakini mashine yenyewe inaenda wapi? Inauzwa chuma chakavu kwa kilo! Yangu niliipata kwa mama mmoja aliyekuwa anafunga kibanda chake cha ushonaji, namba iliyopigwa kwenye kitako inaanza na herufi E na nyingine pembeni yake, maana yake imetoka kiwanda cha Clydebank kule Scotland, ambacho chenyewe kilifungwa 1980. Kiwanda kimekufa, mashine inashona. Nilibadilisha mkanda wa ngozi, Kariakoo ipo, nikaipaka mafuta ya cherehani kila tundu, na hayo mapazia yote ya Karume nimeyapinda nayo mwenyewe usiku umeme ukiwa umekatika, sijui sinki lingenisaidiaje.

Ukutani nina kanga mbili tu. Moja ni ya Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo cha 1968, nyingine ni kisutu ya bibi, nyekundu na nyeusi na nyeupe, imechakaa mpaka unaona mwanga upande wa pili. Hizo ndo vitu pekee vinavyokiuka sharti langu, zimepumzika. Sikuzikata. Nimezishona kwa mkono juu ya kitambaa cheupe cha pamba ndo zikaingia kwenye fremu, na zimekaa ukuta ambao jua la jioni haliufikii, maana jua litamaliza rangi haraka kuliko bibi alivyoimaliza kwa kufua. Dele la shaba la kahawa nalo lipo juu ya kabati, nalisugua kwa ukwaju, lakini bati la ndani limeisha kwa hiyo halipiki tena, linashika miiko.

Mtaniuliza kuhusu sanduku la Zanzibar kwa sababu wote huwa mnauliza. Nimeenda, nimezunguka mitaa ya Gizenga na Hurumzi kwenye yale maduka, nimefungua masanduku mpaka mikono ikanuka shaba. Ya zamani kweli, yale yaliyokuja na majahazi kutoka Surat na Bombay, yanajulikana: mazito, misumari ya shaba imelika vichwa, mara nyingi chini yana vidroo vitatu, na ndani mbao haijapakwa kitu chochote. Bei yake ni ya kuuza kiwanja. Mengine mengi pale ni mapya yaliyozeeshwa, na si mabaya, muuzaji akikwambia ukweli na bei ikiwa ya ukweli chukua, ni kazi ya fundi wa leo na yeye anakula. Ninachokataa ni milango. Ile ya kuchongwa, inang'olewa kwenye nyumba inawekewa kioo juu inaitwa kofi tebo. Huku bara Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataja kabisa milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940 kwamba ni vitu vya kulindwa, na hata isingetaja, mlango una kazi yake na kazi yake sio kushika rimoti.

Kilichobaki sasa ni viti. Nimepata viwili vya mninga vyenye mikono, vizuri hatari, ila vilikuwa vimesukwa henzirani, zile fito nyembamba za kusukia, na kalio lote limetoboka. Keko wananiambia niweke plaiwudi na sponji, sitaki. Kama kuna anayemjua mzee anayesuka henzirani bado, awe Dar, Bagamoyo, hata Tanga, niandikieni hapo chini, nauli yake nalipa mimi na chakula nitapika.