Tawi la juu ya paa

Nimeshuka mtini sasa hivi, viganja bado vinatetemeka kwa ule msumeno wa mnyororo.

Tawi lilikuwa nene, limeinamia paa la watu. Mwenye nyumba akawa ananipigia kelele toka chini: "Fundi, si ulikate mara moja tu!"

Thubutu. Unaanza kukata kidogo kwa chini, ndipo unakuja juu, mbele ya pale, upande wa ncha ya tawi. Ukianzia juu, tawi linaelemewa, linapasuka na kuondoka na gome la shina.

Kipande kilichobaki nimekimalizia kwa msumeno wa mkono, taratibu, nikauacha mzima ule uvimbe tawi linapoungana na shina. Hapo ndipo mti hufunika jeraha lake. Mkato umetoka safi, nimeukodolea macho kama mjinga!

Kamba sasa, utomvu mtupu. Wenzangu, zenu mnasafishaje?