Nilivyopata zuio la korti dhidi ya majitaka ya kiwanda

Zuio nililofuatilia katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Kisumu, lilihusu kiwanda kilichokuwa kikimwaga majitaka kwenye mto unaoingia Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Sehemu ngumu ilikuwa chupa za sampuli, kabla hata faili haijafunguliwa. Harufu na povu humfanya jaji asikilize, lakini amri huja kwa karatasi ya maabara.

Haki ya kushtaki si tatizo. Kifungu cha 70 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakuruhusu kwenda kortini bila kuonyesha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara. Sikuhitaji kuwa na shamba kando ya mto.

Sampuli nilichukua mahali patatu: upande wa juu wa mto kabla ya kufika bomba la kiwanda, kwenye mdomo wa bomba, na upande wa chini maji yakishachanganyika. Ile ya juu ndiyo wengi husahau, na ndiyo inayookoa kesi. Bila hiyo, wakili wa kiwanda atasema uchafu umetoka mashambani au kijijini. Chupa ya BOD, yaani kipimo cha oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu kwa siku 5, hujazwa pomoni bila kuacha hewa, ikawekwa kwenye barafu karibu nyuzi 4 na kufika maabara ndani ya saa 24. Ya COD, yaani kipimo cha oksijeni inayohitajika kuoksidisha uchafu kwa kemikali, hutiwa asidi ya salfuriki hadi pH, kipimo cha ukali wa asidi, ishuke chini ya 2. Kila anayeshika chupa atie sahihi na saa kwenye karatasi ya makabidhiano. Pengo moja tu, na matokeo yote yatapingwa. Maabara nayo iwe iliyotangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Picha za simu ziambatane na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza jinsi zilivyopatikana.

Nililinganisha matokeo na viwango vya Kanuni za Ubora wa Maji za 2006: BOD isizidi miligramu 30 kwa lita, COD 50, chembe zinazoelea 30, na pH iwe kati ya 6.5 na 8.5.

Hati ya madai, ombi la zuio chini ya Agizo la 40 la Kanuni za Mashauri ya Madai, hati ya kiapo na hati ya dharura, ya kuomba shauri lisikilizwe haraka, huingizwa pamoja kwenye mfumo wa mtandaoni wa Mahakama. Jaji hupima kwa vigezo vya kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973: kama kesi ina msingi, kama madhara hayawezi kufidiwa kwa pesa, na akibaki na shaka, nani ataumia zaidi. Hapo kwenye kuumia ndipo ombi la kufunga kiwanda kizima hukwama, kwa sababu vibarua na wakulima wanakitegemea. Mimi niliomba bomba lizibwe.

Maneno ya amri yaandike wewe, na uyaandike kwa tarakimu. "Kiwanda kisichafue mto" haitekelezeki. Taja bomba kwa vipimo vya GPS, kiwango cha juu cha BOD, sampuli zichukuliwe kila baada ya muda gani, na nani awasilishe matokeo kortini. Mamlaka ya serikali ya mazingira, NEMA, iingizwe kwenye kesi pia, maana Kifungu cha 70 kinairuhusu korti kumwamuru ofisa wa umma achukue hatua.

Amri iliyotolewa bila upande wa pili kusikilizwa haizidi siku 14, na lazima ikabidhiwe ndani ya siku 3. Usimwachie bawabu langoni. Mpe mkurugenzi mkononi, ikiwa na ilani ya adhabu ukurasa wa kwanza, kisha aliyeipeleka aape hati ya kiapo kwamba ameikabidhi. Kukaidi amri kunaweza kuleta faini hadi shilingi milioni 20 au kifungo hadi miaka 2 chini ya kifungu cha 29 cha Sheria ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ila bila uthibitisho wa makabidhiano ombi la kuadhibu anayedharau korti linaweza kuanguka.

Endelea kupima hata bomba likizibwa. Kuna viwanda hutoboa jingine usiku. Na kama kesi haijaamuliwa ndani ya miezi 12, zuio lililotolewa baada ya pande zote kusikilizwa hukoma lenyewe, kwa hiyo ombi la kuliongeza muda liingie mapema, likiwa na matokeo mapya ya maabara.