Mgombea alipofika kwenye ndoo ya Mama

Mwaka 2020 nyumba yetu ya Tandika, Dar es Salaam, ililishwa na cherehani. Mimi nilikuwa nafundisha shule moja binafsi. Tarehe 16 Machi Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, aliyepatikana Arusha. Kesho yake shule zikafungwa, na mshahara wangu nao ukafungwa. Baba alikuwa mstaafu wa siku nyingi. Mdogo wangu alikuwa na bodaboda ya mtu, na abiria walishaanza kuogopa kukaa nyuma ya mgongo wake.

Basi Mama akashona barakoa. Alianza na mabaki ya vitenge vya wateja, akaja kununua majora, nami nikawa mkata lastiki wake. Aprili ile lastiki ilikuwa ya kutafuta kwa tochi Kariakoo. Tuliuza barakoa shilingi 1,000 kituoni, tukala. Malimau na tangawizi vilipanda bei hadi wapangaji wetu wakawa wanachangishana kupiga nyungu, sufuria moja uani, kila mtu na zamu yake chini ya blanketi.

Halafu takwimu zikakoma. Za mwisho za taifa zima zilitolewa tarehe 29 Aprili, wagonjwa 480. Siku chache baadaye Rais Magufuli akasema sampuli za papai na mbuzi zimekutwa na korona, na barazani kwetu hakukuwa na habari nyingine. Baba alicheka mpaka akatoa machozi. Mama hakucheka. Mwezi huohuo wa Mei mdogo wake wa Magomeni alibanwa kifua Jumanne, Ijumaa tukamzika. Naandika tukamzika kwa mazoea tu. Walioingia makaburini walikuwa wachache waliohesabiwa, sisi wengine tulibaki barabarani, na Mama hakumwosha ndugu yake. Ugonjwa uliandikwa nimonia.

Juni ilipotangazwa kwamba Mungu ametuondolea janga, biashara ya barakoa ilikufa kwa wiki moja. Tulibaki na salfeti mbili zimejaa, zikasukumwa chini ya kitanda. Ndoo za kunawia mbele ya maduka zikakauka, nyingine zikageuzwa za kuwekea mkaa. Ya kwetu ilibaki palepale mlangoni juu ya stuli, na koki yake inayovuja, na kipande cha sabuni ndani ya soksi iliyofungwa kamba. Mpangaji, mgeni, mpeleka maji, wote walinawa. Aliyebisha aliongelea nje.

Kampeni zilifunguliwa tarehe 26 Agosti, na cherehani ikapata uhai mpya. Kamati ya akina mama wa mgombea udiwani ilimletea Mama vitenge awashonee sare. Walitoa nusu ya ufundi, nusu wakaahidi siku ya kuchukua. Wakachukua. Kila Mama akipiga simu aliambiwa "kesho mama yetu," mpaka simu ikawa inaita haipokelewi. Ilikuwa kazi ya chama cha Baba, kwa hiyo Baba alisema avute subira. Mdogo wangu, aliyekuwa chama kingine kabisa, alifurahia deni lile kuliko kama angelipwa yeye.

Mwanzoni mwa Oktoba, Jumamosi ya jua kali, tukaambiwa mgombea anapita nyumba kwa nyumba na kwetu atatua. Baba alipiga pasi shati, akapanga viti vya plastiki barazani, akamwamuru mdogo wangu avue kofia ya chama chake. Hakuivua. Aliigeuza, ya ndani ikawa nje, akakaa dirishani.

Bajaji yenye spika ilitangulia, msafara ukafuata kwa miguu, vumbi hadi magotini. Mgombea, kijana mtanashati, alimwamkia Mama shikamoo kwa adabu akanyoosha mkono. Mama aliitikia marahaba na mkono asiutoe. Alimwonyesha ndoo.

"Mama, korona imeisha," akadakia kijana mmoja wa msafara. "Rais ameshatangaza."

"Kama imeisha, mwanangu, basi sabuni haitamdhuru."

Nilimwona Baba akitazama chini. Mwaka ule maneno ya namna hiyo hayakusemwa ovyo mbele ya wenye vitambulisho shingoni. Lakini yule mgombea alikuwa mjanja, na bado nampa sifa yake. Alicheka, akakunja mikono ya shati. Koki ikatoa maji kwa matone. Mama akaita ndani, na aliyetoka na jagi alikuwa mdogo wangu, kofia imegeuzwa, akamnawisha mpinzani wake kwa heshima zote, kama mgeni aliyekaribishwa pilau.

Mikono ya mgombea ikiwa imejaa povu, Mama akaanza.

"Mwanangu, kura nitakupa au nitakunyima, hiyo siri yangu. Ila sare wanazovaa hao akina mama nyuma yako nimezishona mimi, na nusu ya ufundi sijaiona."

Wapangaji wote walikuwa wamejipanga koridoni, na kila mmoja ana kadi ya kupigia kura. Mgombea hakuwa na pa kupangusia mikono wala pa kuangalia. Aligeuka kwa mwenyekiti wa kamati. Mama yule akaanza kueleza habari za mhasibu, mgombea akamkata: "Mtumie sasa hivi." Mdogo wangu akaacha kumimina. Povu likakaa mikononi mpaka simu ya Mama ilipolia, na kwa kuwa miwani yake ilikuwa kwenye cherehani, ujumbe niliusoma mimi, kwa sauti, pamoja na salio. Ndipo jagi likainama tena.

Hotuba yenyewe siikumbuki sana. Ilihusu mtaro. Ninachokumbuka ni kwamba msafara mzima ulinawa mmoja mmoja, hata kijana wa Rais-ameshatangaza, na madumu yetu mawili ya maji ya kununua yakaisha.

Usiku Baba alikula ugali bila kumtazama mtu. Mwishowe akasema, "Umenivua nguo mbele ya wenzangu."

"Uchaguzi tarehe 28," Mama akajibu. "Tarehe 29 ningempata wapi?"

Baba hakuwa na jibu. Mama akavaa miwani, akaniambia nilete daftari la wateja. Akanifanya nilikate deni la kamati kwa mstari mmoja, kisha chini yake niandike jingine: madumu mawili, mia nne mia nne, na sabuni.

"Niandike kwa jina la nani?" nikauliza.

Mama alikuwa bado anafikiri. Mdogo wangu akasema iandikwe Tume ya Uchaguzi, akacheka peke yake.

"Andika kwangu," Baba akasema, akasogeza bakuli la mchicha upande wa Mama.