Nilichokiandika pembeni ya karatasi

Jumatano, baada ya Isha

Leo alasiri mgonjwa wangu alikuja na shangazi yake na daftari la usingizi. Usiku 21, kila mmoja na saa yake ya kulala na saa ya kuamka, kwa mwandiko wa shangazi, maana mwenyewe anasema akishika kalamu usiku ndipo usingizi unapomruka. Tumelisoma pamoja ukurasa kwa ukurasa. Walipoondoka nikatoa faili lake la mwanzo, na tangu hapo moyo haujatulia.

Ameniridhia niandike, na mambo kadhaa nimeyageuza asitambulike. Lamu ni ndogo, na vichochoro vyake vyote vinakutana.

Siku ya kwanza alikuja na maneno machache tu: "Usingizi hauyi, na moyo mzito." Sijawahi kumpokea mtu hapa akaniambia ana sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Hilo ni neno la vitabuni. Watu huja na kichwa kinachowaka moto, moyo wa kwenda mbio, mgongo, mawazo mengi, na mimi sipendi kuyaruka hayo ya mwili nikakimbilia ya moyo. Nilimtuma kwanza akapimwe damu na tezi ya shingo, kwa kuwa upungufu wa damu au tezi iliyolegea unaweza kumfanya mtu anyong'onyee vivyo hivyo. Majibu yalirudi safi. Tukajaza hojaji ya maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila swali alama sifuri hadi tatu. Akapata 18 kati ya 27.

Swali la tisa ndilo ninaloliuliza polepole kuliko yote, lile la kutamani kufa au kujidhuru. Akasema hutamani alale asiamke, ila hajapanga lolote. Nikamuuliza zaidi, wazi wazi, kwani kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo hilo. Wengi hulificha kwa kuogopa polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na ingawa Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025, hofu yenyewe bado naikuta chumbani.

Basi nikaandika: sonona. Nikampa barua ya kupeleka kwa tabibu, akaanzishiwa fluoksetini, dawa ya sonona, nami nikaanza naye tiba ya mazungumzo, kurudisha kidogo kidogo yale aliyoyaacha. Kushuka pwani jua likipoa. Kuishika tena kofia yake, mishono michache kwa siku, maana yeye ni mshonaji wa kofia za vito.

Wiki ya sita akapona. Hivyo ndivyo tulivyoona. Aliingia akicheka, ananukia udi, maneno yanafuatana kama mvua. Shangazi aliinua mikono akashukuru. Nami nikaandika "nafuu" na kulipigia mstari. Wiki iliyofuata alikuwa ameanza kofia nne kwa mpigo na hakuna hata moja iliyokwisha, amenunua vitambaa kwa pesa za chama zisizo zake, na usiku analala masaa mawili tu akaamka mzima. Shangazi alinipigia simu saa nane za usiku.

"Mwanangu, amerudi."

"Nani, mama?"

"Yule jini wake."

Nilikaa kitandani gizani, na kikao cha kwanza chote kikanirudia. Shangazi alikuwa amenieleza. Msichana alipokuwa na miaka 19 alipandwa na jini, siku nane halali, anashona, anasema, anacheka, kisha akaanguka kitandani mwezi mzima. Miaka minne baadaye ikawa vivyo hivyo. Akasomewa, akanywa kombe, yale maji ya aya za Kurani, akatulia. Na mimi pembeni ya karatasi niliandika: "Familia: imani ya jini." Nikaenda kwenye swali langu la pili.

Mama yule alikuwa amenipa umri, muda, dalili, na jinsi kupanda kulivyofuatwa na kushuka. Ni historia ambayo daktari yeyote angeiomba, na mimi niliitupa kwa sababu ya neno moja lililokuwa ndani yake.

Tena swali la mwongozo kuhusu kupanda huko nililiuliza. Limo kwenye faili: "Umewahi kuwa na furaha kupita kiasi?" Akajibu, "Alhamdulillah, siku ya harusi yangu." Nani angejibu vingine? Siku hizi nauliza: kuna wakati ulilala masaa mawili matatu, siku nne tano mfululizo, na mchana hukuhisi uchovu? Watu wa nyumbani walikwambia unasema mbio mno? Ulitumia pesa ukaja kujuta? Na nikiruhusiwa, namuuliza pia anayelala naye nyumba moja. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unataka siku nne mfululizo kwa kupanda kudogo na wiki moja kwa kupanda kukubwa. Shangazi alisema nane.

Mwenye bipola, ugonjwa huu wa kupanda na kushuka, akipewa dawa ya sonona peke yake, inaweza kumpandisha. Nililijua hilo tangu chuoni. Siwezi kuapa kwamba dawa ndiyo iliyofanya, pengine angepanda tu. Lakini barua ilikuwa yangu.

Wakavuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, wakapanda basi kwenda kwa daktari wa akili. Aliiondoa fluoksetini, akamwanzishia lithiamu, dawa ya kuzuia kupanda na kushuka. Valproeti, dawa nyingine ya namna hiyo, daktari hakuitaka, kwa kuwa mgonjwa bado anataka kuzaa siku za mbele na dawa ile inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lithiamu nayo ina masharti: kupima kiwango chake kwenye damu, kuangalia figo na tezi, kunywa maji ya kutosha.

Nilimwendea pia shehe aliyemsomea. Nilikwenda nikitarajia ubishi. Kumbe alikuwa na maswali yake: anakula? analala? mtoto anatunzwa na nani? Akasema yeye hamkatazi mtu dawa, wala kisomo hakishindani nayo. Tumekubaliana kwamba akiletewa mtu asiyelala siku ya tatu, atanipigia simu kabla hajaendelea.

Leo daftari lilikuwa jema. Masaa sita, saba, sita. Kofia ni moja tu, na imefika nusu. Walipokuwa wakijifunga mitandio waondoke, shangazi akauliza, "Ramadhani yaja. Afunge?"

Mwenyewe alitazama chini. "Mwaka jana nilifunga zote," akasema taratibu.

Sikumwambia ndiyo wala hapana. Nilimweleza kwamba mwili ukikaukiwa maji lithiamu huzidi kwenye damu, na ikizidi hudhuru, na kwamba dawa haiachwi wala haibadilishwi saa bila daktari kujua. Akaniuliza kama daku kubwa yenye maji mengi itatosha. Nikamwambia hilo ni lake kumuuliza daktari, tukaketi tena, tukaandika barua kwa maneno yake mwenyewe. Shangazi atamwendea shehe kesho kuhusu ruhusa ya mgonjwa. Barua iko hapa mezani, nimeizuia na kikombe isipeperuke, mpaka boti ya asubuhi.